Bismarck Namjua, Saanane Je?

Mama yangu amefika Mwanza mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, ila Mwanza yake ni mwaloni Kirumba na stendi, basi. Tangu nikiwa darasa la pili amekuwa akileta dagaa kutoka kwetu Nkome. Magunia yanapakiwa kwenye fuso, fuso linapita Geita na Sengerema, linavuka kwa feri ya Kamanga, mama anashuka mwaloni na mzigo wake, anauza. Soko likiwa gumu analala palepale juu ya magunia, kesho yake anauza kilichobaki na kugeuza. Miaka 14 ya namna hiyo.

Muhula uliopita alikuja bila mzigo. Ilikuwa siku za mbalamwezi. Kwa asiyejua mambo ya ziwa: dagaa huvuliwa kwa taa, usiku wa giza. Mwezi ukiwaka sana taa za wavuvi hazina kazi, dagaa hawakusanyiki, mitumbwi inavutwa mchangani na watu wa Nkome wanapata siku chache za kushona nyavu na kutembeleana. Basi mama akapanda basi, akapita juu ya daraja jipya la Kigongo–Busisi, lile la kilomita 3 lililozinduliwa Juni 2025, akanikuta hosteli na mfuko wa sato wa kukausha. Alikuwa bado anashangaa daraja. Pale Busisi, enzi za kivuko, ulikuwa unaweza kukaa kwenye foleni mpaka mtoto akuombe chakula mara mbili. Sasa, anasema, hata hakumaliza kumenya chungwa.

Akapumzika, akanywa maji, akaniambia, "Mwanangu, leo sina gunia. Nionyeshe mji."

Jamani. Miaka miwili na nusu niko jiji hili. Nimekaa nikijiuliza: mji uko wapi? Najua njia ya kwenda stesheneri ya bei nafuu. Najua nani anauza chipsi mayai hadi saa 6 usiku. Najua geto la kila mtu wa darasa letu. Nikampeleka Rock City Mall, maana ndiko sisi wote huwa tunaenda mtu akija kutoka nyumbani. Mama akazunguka, akatazama bei za viatu, akacheka kwa sauti mpaka mlinzi akageuka. Tukanywa soda. Baada ya nusu saa akauliza, "Ndiyo mji huu?"

Nikaona aibu, nikasema twende ziwani. Tukashuka mpaka karibu na Kamanga, kwenye lile Jiwe la Bismarck ambalo liko kwenye kila kalenda na kila posta ya Mwanza. Mama analifahamu vizuri, kwa kuwa kila fuso lao liliposhuka kwenye feri lilipita jirani yake. Hakuwahi kujua jina lake tu. Nilipomtajia akauliza, "Na huyo Bisimaki ni nani?"

Hapo nikapata nafasi ya kuonyesha kwamba ada haijapotea. Mimi nasoma ualimu, masomo yangu ya kufundishia ni Historia na Kiswahili. Nikammwagia: Otto von Bismarck, Chansela wa Ujerumani, Mkutano wa Berlin, Novemba 1884 mpaka Februari 1885, mataifa ya Ulaya yakikaa mezani kugawana Afrika, na sisi tukaangukia mikononi mwa Wajerumani. Dakika mbili, bila desa, bila kukwama.

"Alifika hapa?"

"Hapana mama, hakuwahi kufika Afrika."

"Haya."

Tukatembea taratibu kuelekea Capri Point. Njiani kuna kibao cha Hifadhi ya Taifa ya Kisiwa cha Saanane. Mama alisoma mpaka darasa la nne, akisoma kibao anasoma kwa sauti. "Saa-na-ne. Na huyu?"

"Hicho ni kisiwa, mama."

"Kisiwa nakiona. Nauliza jina la nani."

Nikasema labda ni neno la Kisukuma. Mama ni Msukuma wa Sengerema, amezaliwa nalo hilo lugha. Akanigeukia kabisa. "Neno gani hilo?"

Nikanyamaza. Nikamwambia, mama kunywa maji.

Hiyo ndiyo siku iliyonifanya niandike makala hii, kwa hiyo msiniambie ni mambo madogo. Nilikuwa nimesimama kati ya majina mawili. La mtu wa Berlin ambaye hakuwahi kukanyaga mchanga wa hapa nalijua mpaka mwaka na mwezi. La pili liko kwenye kibao cha serikali, kwa Kiswahili, mwendo wa daladala moja kutoka ninapolala, na sikuwa na hata sentensi moja ya kusema.

Baadaye nilienda, nikapanda boti ya hifadhi pale pale Capri Point. Ni dakika chache tu majini, hata mwoga wa maji anavumilia. Saanane ni jina la mtu. Mzee Saanane Chawandi alikuwa mvuvi na mkulima, na kisiwa kile ndicho kilikuwa makazi yake na shamba lake. Mwaka 1964 serikali ikamlipa fidia, akahama, kisiwa kikafanywa bustani ya wanyama, ya kwanza ya serikali katika nchi yetu. Mwaka 1991 kikawa pori la akiba na mwaka 2013 kikapandishwa kuwa hifadhi ya taifa. Ukiweka nchi kavu na maji yake pamoja ni kilomita za mraba 2.18 tu. Ukienda utakuta pimbi wamejilaza juu ya mawe kama wanafunzi waliomaliza mtihani, swala pala, na mijusi yenye vichwa vyekundu na migongo ya bluu ambayo haikimbii mtu. Nilikaa juu ya jiwe moja nikaangalia jiji kutoka majini, vilima vyote vya mawe na nyumba zilizong'ang'ania juu yake, nikagundua kwamba sijawahi kuiona Mwanza kwa umbali hata siku moja. Nilikuwa naiona kupitia dirisha la daladala, na daladala zetu mnazijua, unaona kwapa la konda.

Mvuvi na mkulima. Hivyo ndivyo unavyoweza kumwelezea baba yangu pia, na baba za nusu ya watu wa Nkome. Mtu kama baba yangu jina lake liko kwenye ramani ya hifadhi za taifa, na mwalimu mtarajiwa wa Historia anadhani ni neno la Kisukuma.

Kuna jambo lingine nililoambiwa pale, nalo lilinikalisha. Ile bustani ya 1964 haikuwekwa kwa ajili ya watu kutazama wanyama tu. Ilikuwa pia kituo cha kushikilia wanyama kabla ya kupelekwa kisiwa cha Rubondo. Sasa Rubondo ni kwetu. Boti za kwenda Rubondo zinaondokea Nkome pia. Nimekua nikiona wageni wenye kofia kubwa wakishuka kwenye magari mwaloni kwetu, wakivaa maboya ya kuogelea, wakipotea upande wa kisiwani. Sisi watoto tulikuwa tunawapungia. Hakuna aliyewahi kutuambia huko wanaenda kuona nini. Tulijua tu kwamba ukivua karibu na maji ya hifadhi utakamatwa. Kwetu Rubondo lilikuwa jina la doria.

Kumbe kati ya 1966 na 1969 sokwe waliokuwa wamefungiwa kwenye bustani za wanyama na sarakasi za Ulaya waliletwa Rubondo na kuachiwa msituni, na wajukuu zao wapo mpaka leo. Sokwe waliotoka Ulaya wakarudi kuishi porini mbele ya kijiji chetu. Kisiwa kikawa hifadhi ya taifa mwaka 1977. Fikiria ungekuwa mtoto wa darasa la tano Nkome ukasimuliwa hadithi hiyo na mwalimu wako. Mimi sikusimuliwa, na siwalaumu walimu wangu, kwa sababu nadhani hata wao hawakuwa wamesimuliwa.

Hapo ndipo hoja yangu ilipo. Sisi tunaosoma ualimu tunatumia miaka mitatu kwenye jiji lenye historia kila kona, kisha tunasambazwa Geita, Shinyanga, Simiyu, Kagera, kwenda kufundisha watoto ambao kwao Mwanza ndiyo dunia nzima ya mbali. Tunaondoka hatujaona kitu. Tunaenda kusoma kitabu kwa sauti mbele ya darasa. Nami naamini kwamba matembezi ya Jumamosi ni sehemu ya ualimu wetu kabisa, na serikali yetu ya wanafunzi ingeyapa hela kabla ya kuzipa spika za muziki.

Najua mnachotaka kusema. Subirini kidogo, nitakuja kwenye hela.

Kwanza niseme la field, maana hapo ndipo aibu ya pili ilinikuta. Mwaka wa pili nilipangiwa mazoezi ya kufundisha kwenye sekondari moja ya huko kwetu. Nilikuwa nafundisha kidato cha pili, mada ya tawala za kijadi. Nimeandaa vizuri, ubaoni kuna kichwa cha habari, kuna mifano, watemi wa Usukuma, kazi za mtemi, alama za utawala: kiti, ngoma, mkuki. Binti mmoja wa nyuma akanyoosha mkono. "Madam, ngoma ya mtemi inafananaje?" Nikamwambia ni kubwa. Darasa likasubiri. Nikaongeza kwamba imewambwa ngozi. Mvulana mmoja akasema taratibu, lakini nilisikia, "Kama zote."

Wale watoto hawakuwa na dharau. Walikuwa wanataka kuona, na mtu pekee ambaye angewasaidia kuona alikuwa mimi. Ngoma za watemi ziko Bujora, Kisesa, mwendo wa kilomita kama 20 kutoka katikati ya jiji ninaloishi. Nilikuwa na miaka miwili ya kwenda.

Nimeshaenda sasa. Tulienda watano, darasa letu, Jumamosi moja baada ya test. Unapanda daladala ya Kisesa mjini. Mabatini, Buzuruga, Nyakato, kisha Igoma. Igoma ndipo penye makaburi ya watu wa MV Bukoba, meli iliyozama tarehe 21 Mei 1996 ikiwa inakaribia Mwanza na kuua mamia ya abiria. Wengi ambao hawakutambuliwa walizikwa pale. Mmoja wetu ni wa Bukoba, na familia yao ilipoteza mtu. Tuliposhuka akasimama kwa muda mrefu bila kuongea, nasi tukasimama naye. Hatukupiga picha. Tulikuwa hatujapanga kushuka pale, yeye ndiye aliyesema "jamani, dakika tano". Hiyo dakika tano ilikuwa nusu saa, na kusema kweli hata tungerudi hosteli kutoka pale siku isingekuwa imepotea.

Bujora yenyewe iko juu ya kilima chenye mawe, baada ya Kisesa unapanda bodaboda au unatembea kama mna miguu. Ilianzishwa miaka ya 1950 na padre kutoka Quebec, Kanada, David Clement, ambaye aliona vitu vya Wasukuma vinapotea akaanza kuvikusanya. Mambo hayo yalikuja kuwa na maana zaidi baadaye, kwa kuwa mwaka 1963 serikali huru ilifuta utawala wa machifu, na vitu vingi vya watemi vikakosa pa kukaa. Kuna jengo lenye umbo la kiti cha enzi cha mtemi. Ndani yake kuna ngoma. Niliziangalia kwa niaba ya yule binti wa nyuma. Sitaeleza hapa zinafananaje. Ukitaka kujua nenda, na kama wewe ni mwalimu mtarajiwa, nenda na daftari.

Kilichonishangaza zaidi hakikuwa ngoma. Kuna pipa moja linalozungushwa, limeandikwa namna za kuhesabu moja mpaka kumi. Sio namna moja. Kila kundi la rika lilikuwa na hesabu zake, maneno yake, kama lugha ya siri ambayo ukiijua basi unatambulika wewe ni wa kundi gani. Watoto wachunga ndama wana yao, vijana wana yao, na kuendelea. Mwenzetu anayesoma Hisabati alikaa kwenye lile pipa mpaka tukamwacha. Anasema akipangiwa shule ya Usukumani ataanza mwaka na lile pipa, kabla ya kitabu. Nikamwambia, hilo ndilo somo la saikolojia ya elimu tuliloandikia kurasa 15 mwaka wa kwanza bila kutoa mfano hata mmoja wa kwetu.

Kuna kibanda cha wafua chuma, kuna nyumba ya Kisukuma, kuna kanisa ambalo ndani yake alama za kitemi zimeingizwa kwenye altare. Kuna banda la vyama vya ngoma, Bagika na Bagalu. Mzee aliyekuwa anatuongoza alitueleza mashindano yao: makundi mawili yanacheza muda mmoja, uwanja mmoja, na mshindi ni yule aliyevuta watu wengi upande wake. Hakuna jaji. Watu wenyewe wanahama kwa miguu. Ndiyo maana wengine walicheza na nyoka, wengine na nungunungu, wengine na majembe, ilimradi upande wa pili uishiwe watazamaji. Nikamwambia mzee kwamba hata kampeni za chuoni kwetu ziko hivyo hivyo, ila sisi tunavuta watu kwa fulana. Akacheka, akasema, "Fulana inachakaa, wajukuu zangu." Kila mwaka mwezi wa sita, kipindi cha sikukuu ya Ekaristi, ngoma hizo zinachezwa pale Bujora kwenye sherehe ya Bulabo. Mwezi wa sita sisi tuko wapi? Tunajiandaa na UE, sawa. Lakini Bulabo wanacheza mchana, na usiku wa kudesa uko palepale.

Haya, hela.

Hoja ya kwanza mnayoniletea ni kwamba matembezi ni mambo ya watoto wa matajiri. Boom ni 10,000 kwa siku, kwa aliyebahatika kupata mkopo. Ada, stesheneri, kodi ya chumba, nyumbani nako wanapiga simu. Nakubali yote, mimi mwenyewe mama yangu anauza dagaa. Lakini tuhesabu kwa ukweli. Daladala mbili za kwenda, mbili za kurudi, bodaboda ya kugawana, kiingilio ambacho sisi Watanzania tunalipa kwa shilingi na kwa bei ya chini kuliko mgeni, na mihogo ya kukaanga pale Kisesa. Siku yetu ya Bujora haikufikia kile ambacho mtu mmoja wetu, simtaji, alitumia Ijumaa iliyotangulia kwenye chipsi kuku na vinywaji. Hata Jiwe la Bismarck halina kiingilio. Makoroboi haina kiingilio.

Na hapo Makoroboi nisimame kidogo. Wengi tunapita pale kutafuta nguo za mtumba na chaja. Jina lile limetokana na koroboi, vile vitaa vya kopo na utambi vilivyokuwa vikitengenezwa na kuuzwa pale. Nimesoma mpaka darasa la sita kwa koroboi, moshi wake ulikuwa unaniamsha asubuhi na pua nyeusi. Nimepita mtaa ule mara mia bila kuunganisha jina na pua yangu. Mzee mmoja fundi wa bati ndiye aliyenikumbusha nilipomuuliza. Ilinigharimu salamu tu, nilimwamkia shikamoo.

Hoja ya pili ni hii: "Sisi ni watu wa hapa hapa, utalii ni wa wazungu." Hii ndiyo inayonikera kuliko zote. Nimeisikia kwa wenzangu wa Misungwi, Magu na Kwimba, watu wanaosema Kisukuma kwenye simu kila jioni. Ukiwauliza Bujora wanasema "ah, kwetu kule", kana kwamba kuwa jirani ni sawa na kuwa umefika. Chumbani kwetu tuko wanane. Niliuliza nani amefika Saanane, akainua mkono mmoja, naye alipelekwa na shule ya msingi. Wanafunzi wa shule ya msingi wanapelekwa, sisi tunaokwenda kuwa walimu wao hatwendi.

Na wale wa Kiswahili wenzangu msijifiche. Wote tunaweza kuandika insha kuhusu Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka. Tunajua Aniceti Kitereza aliimaliza riwaya hiyo kwa Kikerewe mwaka 1945, akaifasiri mwenyewe kwa Kiswahili, ikatoka 1980, naye akafariki 1981. Ukerewe tunaisoma kama vile iko kwenye mwezi. Meli za Nansio zinaondoka hapa hapa Mwanza. Mhadhiri akiuliza "mandhari ya riwaya" tunajibu kwa maneno ya desa la mwaka jana.

Kuna hoja ya tatu ambayo sitaipuuza, na inatoka kwa wasichana wenzangu. Kwenda kilimani na bodaboda usiyemjua, kurudi giza limeingia, si jambo la kuchezea, na wazazi wengi wakisikia "matembezi" wanafikiria mengine. Kwa hiyo sisemi kila mtu atoke peke yake na simu mkononi. Ndiyo sababu nataka liwe jambo la serikali ya wanafunzi: basi moja la chuo, orodha ya majina, kiongozi mmoja, kurudi kabla ya saa 12 jioni. Mtu akimpigia mama yake anasema "tunaenda na chuo", mama analala.

Sherehe ya kuwakaribisha mwaka wa kwanza mliiona wenyewe. Jukwaa, spika zilizotetemesha mpaka vyoo, msanii aliyechelewa saa tatu na kuimba nyimbo nne huku sauti ikitoka kwenye kompyuta. Sisemi ifutwe, nami nilicheza, kuna video. Ninachowaomba waheshimiwa wabunge wetu na waziri wetu wa utamaduni ni kukata spika mbili. Hela ya spika mbili ni mafuta ya basi kwenda Kisesa na kurudi. Msanii mmoja pungufu ni kiingilio cha mwaka wa kwanza wote wa ualimu. Na wale wa mwaka wa kwanza ndio hasa wapelekwe, wiki ya kwanza, kabla hawajajifunza kutoka kwetu kwamba Mwanza ni mall na ufukwe.

Mtu ataniuliza mbona naongelea ualimu tu. Kwa sababu ndio ninaoujua. Siku hizi shuleni kuna somo la Historia ya Tanzania na Maadili, linafundishwa kwa Kiswahili, na sisi ndio tutakaolibeba. Mtoto wa Nkome, wa Katoro, wa Kahama atatuuliza swali lile lile la yule binti. Kama jibu letu ni "ni kubwa, imewambwa ngozi", basi tumemwibia.

Nimemaliza malalamiko. Sasa taarifa. Sisi watano wa Bujora hatukusubiri bajeti. Tumebandika karatasi kwenye ubao wa matangazo karibu na kantini, safari ya Saanane, kila mtu ajilipie, tunakutana getini saa 2 asubuhi. Mpaka naandika haya kuna majina 19, na moja limeandikwa "Bismarck", aliyeandika tunamfahamu na atalipa kama wengine. Njoo na maji, kofia na viatu vya kushika mawe, acha ndala. Hifadhini hakuna kuacha takataka, ukija na karanga rudi na maganda yako.

Nilimpigia mama nikamwambia nimeshajua Saanane ni nani. Nikamsimulia yote, kisiwa, fidia, wanyama waliopitia pale kwenda Rubondo. Akanyamaza kidogo kisha akauliza, "Hao wanyama walipita Nkome?" Nikasema twende ukamuulize mwenyewe askari wa hifadhi. Amekubali kuja, ila kwa sharti kwamba iwe mbalamwezi, hataki kuacha dagaa juu ya chanja. Kwa hiyo tarehe haikupangwa na kamati. Tumechukua kalenda, tukatafuta Jumamosi iliyo karibu zaidi na mwezi mpevu, ndiyo hiyo iliyoandikwa kwenye karatasi. Nafasi ya 20 ni ya mama yangu, msijaze.